Shamba Lililopumzishwa

Tarehe 6 Februari

Kwako Kalamu, binti yangu,

Zipokee salamu zangu kabla hujakaa vizuri kwenye kiti chako cha ofisini. Mimi mzima, mama yako mzima, mbuzi wazima, na yule beberu bado hana adabu. Barua hii nimeiandika mwenyewe, usije ukadhani nimemwomba mwalimu. Mwalimu alikuja jana akasema mzee lete nikuandikie, nikamwambia nenda kaandikie wanafunzi wako, mimi kisomo cha watu wazima nilimaliza nikiwa wa kwanza, na tulikuwa kumi na tisa. Simu nayo sitaki. Unaongea, unamaliza, mkononi huna kitu.

Sasa sikia jinsi baba yako alivyomshinda mtu wa serikali.

Alikuja mpima ardhi, mwembamba, ana darubini ya miguu mitatu na viatu vyeupe. Viatu vyeupe shambani! Anasema chini ya mashamba ya huku kuna mawe meupe ya kutengenezea saruji, na kuna kampuni inayataka. Nikamwambia mawe hayo nayajua tangu wewe hujazaliwa, yameshanivunjia majembe sita. Nikamzungusha shamba lote. Vipande vyote vinne. La mlimani, la njiani, la kisimani, na la bondeni. Jasho lilimtoka mpaka kwenye karatasi zake. Mimi nilikuwa sijaanza hata kuhema.

Tulipofika bondeni akasimama. Akasema, "Mzee, hapa mbona majani tu?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Mimi sichoshi ardhi. Kila kipande kikishazaa miaka sita nakipumzisha miaka miwili, mbuzi wanakula majani yake, wanaacha samadi, halafu nageuza majani chini ndio narudi kupanda. Ndiyo maana mahindi yangu ukiyaona unadhani ni ya mtu mwingine.

Akasema, "Miwili. Lakini hapa naona kama mwaka wa tatu."

Nikasema ndiyo, wa tatu.

"Kwa nini wa tatu?"

Nikamwambia kwa sababu nimetaka. Nikamwambia kijana, mimi si kama hawa majirani zangu wanaoulamba udongo mpaka mfupa. Hata nikiliacha hili miaka kumi sitalala njaa. Nina ardhi ya kuchezea.

Akayaandika yote. Akanisomea. Akatoa kile kibati cha wino wa dole gumba, nikamwambia ondoa takataka hiyo, nikasaini jina langu lote na mkia chini yake. Alishangaa. Nikamwambia pia binti yangu yuko huko huko kwenu ofisi ya ardhi, ukifika mwambie baba anakusalimu. Uso ukambadilika. Alipoondoka hata hakunywa maji.

Kwa hiyo waambie huko hadithi ya mawe imekwisha. Karatasi inaisha.

Ni mimi Chuma, baba yako, kwa mkono wangu.


Tarehe 17 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mwambie mama shuka alizonitumia zimefika. Chumba nilichopanga kina baridi asubuhi, zimenifaa sana.

Baba, naomba unisaidie jambo moja, na usikasirike. Ile karatasi uliyosaini, mpima alikuachia nakala? Kama alikuachia, naomba uniandikie maneno yake kama yalivyo, neno kwa neno, hata kama yanakuchosha. Na wakija wengine na karatasi yoyote, iwe ya njano, iwe nyeupe, usiisaini mpaka niione. Hata wakisema ni ya mahudhurio tu.

Huku kazi inaendelea. Msalimie mama, mwambie nakula vizuri.

Binti yako.


Tarehe 1 Machi

Kwako Kalamu,

Nimekasirika. Uliniambia nisikasirike ndio nikakasirika zaidi. Unaniuliza nakala kama mwalimu anayemuuliza mtoto daftari liko wapi. Nakala ninayo, iko juu ya kabati chini ya redio. Sitii sahihi mahali halafu nikaondoka mikono mitupu.

Haya, neno kwa neno, mama yako ameshika taa ya mkononi maana mvua imefunga na ndani giza mchana huu:

"Kipande cha bondeni, ekari nne. Hakijalimwa kwa miaka mitatu mfululizo. Mmiliki ameulizwa sababu, amejibu ni kwa kupenda kwake. Mmiliki amesema hata akikiacha miaka kumi hatapungukiwa chakula. Amesomewa, ameelewa, amesaini."

Unaona? Kila neno ni langu. Hakuongeza hata moja. Mtu mwaminifu yule, ila viatu.

Mama yako aliposikia nasoma akasema, "Na ukamwambia hivyo kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kupenda kwako?" Halafu akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa jikoni. Ana mambo yake siku hizi.

Fundi Baiskeli jirani yetu amewakubalia kampuni. Amewapa shamba lote, ataenda kufungua duka la vipuri barabarani. Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia umeuza mama ununue kengele. Watu walianguka kwa kucheka, yeye akasema, "Cheka tu Chuma, mimi angalau niliulizwa." Sijui alikuwa na maana gani.

Wamekuja pia kuchomeka vijiti vyenye rangi nyekundu bondeni, kimoja kila hatua hamsini. Kimoja nimemfungia beberu.

Baba yako, Chuma, asiyeogopa vijiti.


Tarehe 12 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Naomba ukae chini, uisome hii polepole, na mama awepo.

Kuna sheria. Inasema ardhi isiyolimwa miaka mitatu mfululizo bila sababu inaitwa ardhi iliyotelekezwa. Ardhi ya namna hiyo kampuni inaweza kuiomba, na mwenyewe hana haja ya kukubali. Fundi Baiskeli aliulizwa kwa sababu shamba lake lilikuwa linalimwa. Wewe hutaulizwa. Wanahesabu kwamba umeshajibu.

Miaka miwili ingekuwa si kitu, baba. Kupumzisha shamba miaka miwili sheria inakutambua. Ni ule mwaka wa tatu.

Bado kuna nafasi. Tangazo limebandikwa, na mwisho wa kupokea pingamizi ni tarehe 30 Aprili, siku ya Ijumaa. Andika barua kwa Kamati ya Ardhi. Useme shamba la bondeni unalihitaji. Useme maelezo uliyompa mpima hayakuwa kamili. Na useme sababu ya kweli ya mwaka wa tatu, maana hapo ndipo watakapotazama. Mimi sababu yenyewe siijui, hujawahi kuniambia. Labda mbegu zilichelewa, labda mvua. Yoyote ile, iandike.

Mwombe mwalimu aandike, wewe usaini. Ni ukurasa mmoja tu. Iweke posta mapema, barua kutoka huko inachukua siku nane, mara nyingine tisa.

Baba, nakuomba.

Binti yako.


Tarehe 25 Machi

Kwako Kalamu,

Mwanangu, umesoma mpaka umepitiliza.

Unataka niandike kwa wakubwa kwamba niliyoyasema siyo. Mimi. Watu hapa wakigombania mpaka wanakuja kuniita nikaseme mpaka ulipita wapi, nikisema ulipita hapa wanapanda mti hapo hapo na mambo yanakwisha. Kwa nini? Kwa sababu Chuma hasemi mara mbili. Leo nikiandika kwamba nilisema hili sasa nasema lile, kesho nani ataniita?

Na sababu nilishasema. Ni kupenda kwangu. Mtu hana ruhusa ya kupenda kwenye shamba lake?

Halafu nakuuliza, wewe uko humo humo ndani. Karatasi iko huko, wewe uko huko. Si unyooshe mkono uitoe? Mimi nimeshawaambia watu wote hapa wasiogope, binti yangu ndiye serikali. Wamekuja mpaka watu wa ng'ambo ya mto kuniuliza na wao utawasaidia, nikawaambia nitaona.

Lakini usifikiri nimekaa tu. Wiki ijayo nalima bondeni lote. Nitalilima na kupanda, waje wakute mahindi wanione kama nimetelekeza.

Mama yako anasema nikuambie ukweli. Nimemwambia kalamu iko kwangu.

Baba yako, Chuma.


Tarehe 7 Aprili

Baba, shikamoo.

Umesema kweli, mimi niko humu ndani. Basi acha nikuonyeshe humu ndani, maana nimekuwa nikikuacha ujisifu nami na nikanyamaza kwa sababu ilinipendeza.

Naingia saa mbili kamili kwa mlango wa nyuma. Masijala ni chumba cha chini, dirisha lake limezibwa na kabati. Tuko wawili, mimi na mama mmoja mtu mzima tunayemwita Shangazi, ingawa si shangazi wa mtu. Gunia la posta linakuja. Nafungua bahasha, nagonga muhuri wa tarehe, naandika kwenye daftari namba, barua imetoka kwa nani na imefika lini. Halafu naziweka kwenye trei, tarishi anazipeleka ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu nimepanda mara mbili kwa miaka sita. Mara ya kwanza nilipelekwa kutambulishwa.

Mara ya pili ni wiki iliyopita. Mkuu wa masijala aliniita huko, nikamkuta yule mpima wako amekaa, safari hii viatu vyeusi. Mkuu akasema, "Huyu mzee wa bondeni ni baba yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Alimtaja binti yake mbele ya mpima kama anatisha watu. Faili lile usiliguse. Likionekana mezani kwako, hata kwa bahati mbaya, mimi sitakuuliza swali." Akanirudisha chini.

Kwa hiyo siwezi kutoa karatasi, baba. Siwezi hata kuiona. Mimi si serikali. Mimi nagonga muhuri.

Kitu kimoja tu naweza. Barua yako ikija, naweza kuipokea. Ikiwa mezani kwangu nitaigonga na kuiandika kwenye daftari, na ikishaandikwa kwenye daftari hakuna anayeweza kusema haikufika. Ndicho nilicho nacho. Nipe basi barua ya kugonga.

Na usilime bondeni peke yako. Mama aliniambia kwa simu ya mwalimu kwamba ulianza, na kwamba ulilima mistari miwili. Hakuniambia kwa nini uliishia hapo.

Binti yako.


Tarehe 22 Aprili

Kwako binti yangu,

Hii ni fupi. Nyingine iko ndani, ile ndiyo ya Kamati. Nimeiandika mara nne. Tatu zimechomwa. Mwalimu alitaka kuniandikia, nikakataa, hii haiwezi kuandikwa na mtu mwingine kwa sababu angeisoma. Yah, sijui nini, na wapi panawekwa tarehe, hayo alinielekeza, lakini yaliyobaki nilimfukuza.

Na wewe usiisome. Igonge muhuri tu kama kazi yako inavyosema.

Baba yako.


Tarehe 22 Aprili

Kwa Kamati ya Ardhi,

YAH: SHAMBA LA BONDENI, EKARI NNE

Wakubwa, nawasalimu wote, na kama kuna aliye mkubwa kwangu kwa umri namwamkia.

Mimi ni mkulima. Nimelima miaka hamsini na mmoja. Sijawahi kuomba chakula kwa mtu yeyote wala mbegu, muulizeni yeyote huku. Mwaka wa njaa mimi ndiye niliyetoa.

Mpima wenu alikuja akaniuliza kwa nini shamba la bondeni halikulimwa mwaka wa tatu. Nikamjibu ni kupenda kwangu. Haikuwa kupenda kwangu.

Mwaka ule nilipotaka kurudi kulilima bega la kulia lilikataa. Linapanda mpaka kifuani halafu linabaki hapo. Nilisubiri lipone. Bado nasubiri. Nyumbani nilisema nimeamua kulipumzisha zaidi, nje nikasema hivyo hivyo, na mpima nikamwambia hivyo hivyo kwa sababu alikuwa amesimama ananitazama na nilikuwa nimemtembeza jua lote nisionekane nimechoka. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu ndiye anayenivalisha shati.

Nilisema pia hata nikiliacha miaka kumi sitalala njaa. Hilo nalo nalirudisha. La mlimani limebaki mawe, la njiani sasa ndilo limefikia zamu ya kupumzika, na la kisimani peke yake halitoshi. Bila la bondeni hatufiki mavuno. Bondeni ndiko kuna udongo. Tulikuwa tunajua tunarudi bondeni, ndiyo maana tulivumilia.

Kuna majirani wanaolimiana kwa zamu, watakubali kunisaidia wakiombwa. Nitawaomba. Sijawahi kuomba lakini nitawaomba.

Shamba halikutelekezwa. Lilikuwa linapumzika na mimi nilikuwa naumwa.

Nalihitaji.

Naomba msilitoe.

Nimesaini mwenyewe.


Tarehe 14 Mei

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Baba, niliisoma. Nisamehe. Kazi yangu inasema nisome mstari wa kwanza nijue inahusu nini, nikashindwa kusimama hapo. Shangazi aliniona akafunga mlango, akaniambia, "Lia haraka, tarishi anakuja."

Nataka nikueleze yote kama yalivyokuwa, kwa sababu wewe umeshaniandikia ya kweli na mimi siwezi kubaki nyuma.

Barua yako ilifika Jumatatu, tarehe 3 Mei. Ijumaa ilikuwa ndiyo mwisho. Muhuri wetu una magurudumu madogo ya namba, unayasogeza kwa kidole kila asubuhi. Niliyarudisha nyuma. Nikaigonga ishirini na tisa Aprili. Kwenye daftari nikaibananisha chini ya barua za Alhamisi, pale palipobaki mstari mtupu. Shangazi aliniona. Alisema, "Mimi macho yangu siku hizi hayafiki huko," akaendelea kufungua bahasha zake.

Nikaiweka kwenye trei. Nilimsikia tarishi akipanda ngazi, nikahesabu hatua zake mpaka ghorofa ya tatu.

Baada ya siku mbili ikarudi. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni: Ihifadhiwe. Leseni imeshatolewa. Pamoja nayo walileta nakala ya leseni ya kampuni ya mawe kwa ajili ya kumbukumbu, nikaiona kwa macho yangu. Ilisainiwa tarehe 9 Aprili.

Tarehe 9, baba. Tangazo bado lilikuwa ukutani. Watu walikuwa bado wanapanga foleni nje kuleta pingamizi zao, na mimi nikiwapokea, nikiwagongea muhuri, nikiwaambia asante, litafanyiwa kazi. Wakati nakuomba uandike kwa mara ya pili, ilikuwa imebaki siku mbili. Hata ungeituma siku ile ile uliyopata barua yangu ya kwanza kabisa ya kukusihi, sidhani kama kuna mtu angeisoma. Sikwambii hivi ili nikufariji. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyo, na usije ukakaa ukajihesabia siku.

Mkuu alilipitia daftari. Mstari uliobananishwa unaonekana. Nimehamishwa masijala, sasa niko chumba cha faili za zamani, chini zaidi, nyuma ya jenereta. Ukiandika tumia anwani ya nyumbani.

Barua yako ipo ndani ya faili. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuambia. Ipo.

Wamesema mashine zitakuja Juni. Baba, usiende kusimama mbele ya mashine. Nakujua. Mama, mshike.

Binti yako.


Tarehe 19 Juni

Kwako Kalamu,

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaikunja. Nimekaa nayo mwezi mzima. Nilikuwa sina la kuandika, na unajua kwangu hilo ni ugonjwa.

Kwanza hongera kwa kuhamishwa. Mama yako nilipomsomea pale alilia. Nikamwambia unalia nini, faili za zamani ndizo zenye siri za nchi, hawampi mtu hivi hivi. Akasema, "Nyamaza tu, mume wangu." Sijui mnatakaga nini ninyi wanawake.

Mashine ilikuja leo asubuhi. Tingatinga la njano, kubwa kuliko nyumba ya mwalimu. Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba siku ikifika nitasimama mbele, kwa hiyo watu wote walikuja, hata wale wa ng'ambo ya mto, wamekaa ukingoni kama wanasubiri mpira uanze. Mama yako alinishika shati. Nikamwambia niachie, utanivua mbele ya watu.

Nikashuka. Nikasimama katikati ya bondeni na jembe langu mkono wa kushoto. Likaja mpaka nikasikia joto lake kwenye suruali. Halafu likazima.

Akashuka dereva. Nilidhani nitaona kijana, kumbe mtu mzima mwenzangu, kichwa cheupe, anashuka ngazi moja moja anashikilia. Akanisogelea, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Nikamwambia shikamoo yako sitaki, na mzee ni wewe.

Akacheka kidogo. Akasema, "Sawa, kaka. Mimi ni dereva tu. Nimeambiwa nitoe udongo wa juu wote niurundike pembeni, halafu watakuja wale wa kuvunja mawe. Sasa wewe ndiye mwenye shamba. Niurundike wapi?"

Mwanangu, nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga mwezi mzima, mazito, mengine hata siwezi kuyaandika hapa. Watu wote ukingoni wanasubiri kuyasikia. Nikafungua mdomo. Tangu jambo hili lianze huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kitu ambacho jibu lake lilikuwa bado halijaandikwa mahali.

Akanionyesha kwa kidole. "Nilifikiria pale, karibu na mfereji."

Nikamwambia pale maji yatauzoa mvua ya kwanza tu. Wewe una akili?

"Basi wapi?"

Nikamwonyesha. Upande wa juu, penye mwinuko, kwenye mpaka na la kisimani. Nikamwambia na usiende chini sana. Chukua ule mweusi peke yake. Ukiona umeanza kuwa wa njano simama, ukichanganya umeharibu vyote viwili. Akasema, "Kutoka kule juu mimi sioni rangi vizuri." Nikamwambia mimi naona.

Basi nikatembea mbele yake. Kutwa nzima. Nanyoosha mkono wa kushoto, anasogea. Naushusha, anainua ile sahani ya mbele inayozoa udongo. Mara mbili nilimpigia kelele alipozidisha, akarudi akausawazisha. Anasikia yule mtu. Saa nne Fundi Baiskeli akapiga kelele kutoka ukingoni, "Chuma! Ulikuja kuwazuia, wamekupa usimamizi?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama rangi. Baadaye nilipogeuka wote walikuwa wameshaondoka. Mama yako peke yake alikuwa amebaki, alileta maji, akampa dereva kwanza.

Tukapumzika kivulini mwa mashine. Akachukua bonge la udongo akalivunja mkononi, akanusa. Akasema nimefanya kazi hii nchi nzima sijaona udongo wa kina hiki. Nikamwambia najua. Akasema ulikuwa unaweka nini? Nikamweleza, ile miaka sita na miaka miwili, majani na mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza rundo hili litakuwa la nani. Akasema hajui, anadhani la kampuni, karatasi zao zinasema mawe yakiisha udongo utarudishwa. Nikauliza mawe yataisha lini. Akasema waliandika miaka ishirini na tano.

Akavaa kofia yake tukarudi kazini.

Nusu imetoka, nusu imebaki. Ile iliyobaki ndiyo nzuri zaidi, upande wa chini. Nimemwambia kesho aje alfajiri, maana jua likishapanda udongo huu unakauka, na ukikauka unapeperuka.

Baba yako.